Berlusconi: Runinga Kwanza, Serikali Baadaye

Ndugu wanafunzi, na ninyi wageni mliokuja kutusikiliza, karibuni. Nimeombwa nizungumzie nguvu za kisiasa za wamiliki wa vyombo vya habari. Mada ni pana mno, kwa hiyo leo nitakaa Italia kwa mtu mmoja: Silvio Berlusconi, mwenye runinga aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Najua wengine mnamfahamu kwa AC Milan tu, timu aliyoinunua mwaka 1986 ikatwaa ubingwa wa Ulaya mara tano chini yake. Mpira ulimsaidia, sikatai. Lakini nguvu zake zilianzia kwingine, na hazikuanzia kwenye habari.

Miaka ya 1970 alikuwa mjenzi wa nyumba. Alijenga mtaa mpya pembeni mwa jiji la Milano, ukiitwa Milano Due, na mtaani humo kulikuwa na kituo kidogo cha runinga ya waya, TeleMilano. Wakati huo runinga ilikuwa ya RAI, shirika la umma. Mwaka 1976 Mahakama ya Katiba iliruhusu vituo binafsi, kwa sharti moja: kila kituo kibaki katika eneo lake. Kurusha matangazo nchi nzima kulibaki haki ya RAI peke yake.

Sasa tazameni ujanja wake. Mwaka 1980 alianzisha Canale 5. Hakurusha matangazo nchi nzima. Alirekodi vipindi kwenye kanda za video, matangazo ya biashara yakiwa yameshapachikwa humo humo, kisha kanda zikapelekwa kwenye vituo vya mikoani, kama magazeti yanavyopakiwa kwenye basi la alfajiri. Kila kituo kilicheza kanda ileile, siku ileile, saa ileile. Kwenye karatasi, hivyo vilikuwa vituo vya mikoa. Sebuleni kwa mtazamaji, ilikuwa runinga ya taifa, na mwenye sabuni ya kuuza alilipa bei ya taifa. Baadaye akanunua Italia 1, na mwaka 1984 akaongeza Rete 4. Washindani wakabaki bila pumzi.

Oktoba 1984 mahakimu wa Torino, Roma na Pescara walisema basi. Na hapa naomba muwe makini. Mahakimu walikataza ule mtandao wa nchi nzima. Hawakuzuia vituo kurusha vipindi vyao vya mkoa. Kampuni ya Berlusconi ndiyo iliyoamua kuzima skrini, ikaweka tangazo kwamba ni amri ya hakimu. Watu wakakosa tamthilia zao za Marekani, watoto wakakosa katuni, hasira zote zikaelekezwa mahakamani. Siku chache tu baadaye Waziri Mkuu Bettino Craxi, Msoshalisti, akatoa amri ya serikali ya kuviwasha. Bunge lilipoikataa, akatoa nyingine. Craxi huyohuyo alikuja kuwa shahidi Berlusconi alipofunga ndoa mwaka 1990. Mimi siiti hiyo rushwa. Naiita urafiki wenye masafa mengi.

Mwaka huohuo wa 1990 sheria ya utangazaji, maarufu kwa jina la waziri Mammì, ikamhalalishia vituo vyote vitatu. Mawaziri watano walijiuzulu kuipinga. Mmoja wao alikuwa Sergio Mattarella, ambaye baadaye akawa Rais wa Italia. Ni sheria hiyo iliyomfungulia njia ya kurusha habari za kitaifa moja kwa moja, na zilianza Januari 1991, vita vya Ghuba vilipokuwa vinaanza. Kwa hiyo muongo mzima kabla ya hapo aliingia majumbani kwa michezo ya zawadi, wacheza dansi na matangazo ya biashara. Wachumi waliolinganisha maeneo yaliyopata mawimbi yake mapema na yale yaliyochelewa, wamekuta kwamba waliotazama mapema walimpigia kura zaidi. Sisi tunaosoma uandishi wa habari huwa tunajidanganya kwamba siasa imo kwenye taarifa ya saa mbili usiku peke yake.

Kisha upelelezi wa rushwa wa mwaka 1992 ukavibomoa vyama vikongwe. Craxi alikuja kukimbilia Tunisia Mei 1994. Tarehe 26 Januari 1994 kanda nyingine ikasambazwa kwenye vituo: Berlusconi ameketi, nyuma yake rafu ya vitabu na picha za familia, akitangaza kwa takriban dakika tisa kwamba anaingia uwanjani, yaani kwenye siasa. Chama chake, Forza Italia, kilijengwa kwa msaada mkubwa wa Publitalia, kampuni yake ya kuuza matangazo, na baadhi ya wauzaji hao wakawa wagombea. Miezi miwili baadaye chama hicho kikaongoza kwa kura, asilimia 21.

Mwaka 1995 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wampunguzie vituo. Takriban asilimia 57 wakakataa. Ukweli huu huwaudhi wanaopenda kumweleza Berlusconi kama mwizi aliyeingia usiku.

Alipokuwa na serikali, hakuhitaji tena kukwepa. Aprili 2002, akiwa Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, aliwataja kwa majina waandishi wa habari Enzo Biagi na Michele Santoro, na mchekeshaji Daniele Luttazzi, kwamba wanaitumia vibaya runinga ya umma. Wote watatu walitoweka RAI. Biagi, mkongwe wa zaidi ya miaka 80, alirudi hewani mwaka 2007 na akafariki mwaka huohuo. Na Desemba 2003, Rais Ciampi aliporudisha bungeni bila kuitia saini sheria mpya ya utangazaji, Rete 4 ikiwa hatarini kuhamishiwa satelaiti, serikali ilitoa amri ya kuiokoa. Waziri mkuu aliyeitia saini alikuwa mwenye kituo.

Alifariki Juni 2023. Chama chake bado kimo serikalini, na madeni ya chama hicho, makumi ya mamilioni ya Euro, Berlusconi aliyawekea dhamana mwenyewe. Sasa dhamana hiyo wanaishika watoto wake, ambao ndio pia wanaoongoza vituo. Haya, mwenye swali aanze.