Masikio ya Redio: Antena ya V na Setilaiti Iliyofufuka

Zuhura: Karibuni tena. Kaka Baraka, mtu ana redio ndogo ya mkononi na anataka kusikia setilaiti akiwa nyumbani. Aanze na nini?

Baraka: Antena, dada. Redio ya bei kubwa yenye antena mbovu ni kiziwi tu.

Zuhura: Na hii mtu anaitengeneza mwenyewe.

Baraka: Fito mbili za alumini, kila moja sentimita 53, zipanuliwe kama herufi V kwa nyuzi 120. Moja unaiunga na waya wa katikati wa kebo, nyingine na wavu wa nje.

Zuhura: Hiyo 53 inatoka wapi?

Baraka: Gawa 300 kwa megahezi unazozitaka, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Chukua robo yake, punguza kidogo. Hapa tunalenga 137, wanakotuma picha za mawingu setilaiti za Meteor-M za Urusi. Halafu ilaze! Usiisimamishe.

Zuhura: Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Baraka: Mitambo mingi ya mawasiliano ya ardhini hutumia antena za wima. Ukiilaza yako, mawimbi yao yanafifia sana, nayo inasikiliza juu, setilaiti ziliko. Mdomo wa V uelekeze kaskazini au kusini, maana Meteor hupita karibu na ncha zote mbili za dunia.

Zuhura: Na iwe mbali na umeme wa nyumbani. Mimi nilihangaika siku nyingi na mkwaruzo usiokwisha redioni. Nilibadilisha kebo, nikakata fito upya, wapi! Kumbe ni chaja ya simu iliyokuwa ukutani. Nilipoichomoa, kukawa kimya.

Baraka: Taa za LED nazo zina tabia hiyo hiyo. Zima kimoja kimoja usikilize.

Zuhura: Kituo cha Kimataifa cha Anga je?

Baraka: Wanaanga wanapozungumza na wanafunzi, sikiliza 145.800. Ukitaka kuwasikia wanaredio wa ridhaa wakipitia kituo hicho, nenda 437.800, lakini hapo masafa yanahama kwa sababu ya mwendo. Kikichomoza anza 437.810, shuka taratibu, kikizama uwe 437.790. Ni dakika kama kumi tu, usiende kuchemsha chai. Na ni kusikiliza tu. Kurusha kunataka leseni.

Zuhura: Sasa nisimulie ile ya AO-7, setilaiti ya wanaredio wa ridhaa. Naipenda mno.

Baraka: Ilirushwa Novemba 1974, ikafa 1981 betri zilipopata shoti. Miaka ishirini na zaidi kimya. Mwaka 2002 ikasikika tena! Ile shoti ndani ya betri ilikuwa imekatika, kwa hiyo umeme wa paneli za jua ukaanza kwenda moja kwa moja kwenye redio.

Zuhura: Yaani ugonjwa wa betri ulipozidi, ndipo setilaiti ikapona.

Baraka: Haswa. Ila haina akiba. Jua likiipiga inaamka, ikiingia kwenye kivuli cha dunia inazimika. Inasikika karibu na 145.950, lakini uwe na redio inayopokea SSB, yaani sauti inayorushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi, na Morse, herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu.

Zuhura: Nilishawahi kuifuata hadi mwisho. Mtu alikuwa akituma Morse, polepole, safi kabisa. Kivuli kikaifikia katikati ya herufi.