Unalegea Wapi?

Mazungumzo ya fundi wa mabegi na wabeba mizigo, waongozaji wageni na vijana wa maboti, Ujiji, Kigoma

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na wale ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme nusu saa juu ya mikanda ya mabegi, na nimeona wengine mnatazamana: nusu saa nzima, mkanda tu? Ngojeni. Nyinyi mnaobeba mizigo ya wageni kwenye hifadhi za Gombe na Mahale mnaijua hali yenyewe. Umepanda kidogo, bega la kushoto limeshuka. Unasimama, unavuta mkanda, unaendelea. Hujafika mbali, limeshuka tena. Jioni unanijia pale mtaani Mwanga umepinda kama mkia wa nge. "Fundi, nibadilishie mkanda." Mimi nakuuliza swali moja, na wengi hamna jibu: unalegea wapi?

Kwa sababu mkanda mpya ukiuweka kwenye bizimu bovu, yaani kile kibano cha kukazia mkanda, kesho utarudi. Utasema fundi mwizi. Na mimi nitakuwa nimekula hela yako kweli, ingawa sikukusudia.

Basi dawa ya kwanza ni chaki. Kama huna chaki, kalamu. Kaza begi lako kama kawaida, kisha piga mstari kwenye mkanda pale pale unapotokea kwenye bizimu. Tembea nalo limejaa mpaka ulipozoea kusimama kuvuta, halafu tazama. Kama mstari umeondoka pale ulipouweka, mkanda unateleza, na ugonjwa uko kwenye bizimu. Kama mstari uko pale pale lakini begi limeshuka, basi ama mkanda umevutika, ama mshono unaachia huko juu ya bega au chini ya mbavu ambako huwa huangalii. Mara nyingi ninaoletewa ni wa aina ya kwanza, na mwenye begi ameshalaani mkanda usio na kosa.

Sasa hilo bizimu. Lile la plastiki lenye mti katikati, linaloruhusu ukaze kwa kuvuta chini. Watu wanadhani lina nguvu zake lenyewe. Halina. Mkanda unapanda kutoka chini, unazunguka ule mti wa katikati, unashuka kwa mbele, na mkia wake unalala juu ya mkanda wenye mzigo, chini ya ukingo wenye meno. Mzigo unapovuta, unabana mkia wake wenyewe. Kadiri begi linavyokuwa zito ndivyo linavyojishika. Ukiupitisha mkanda kinyume, au ukilishona bizimu limelala kifudifudi, huo mbano haupo, na hakuna uzi duniani utakaokusaidia. Nimewahi kupokea begi limeshonwa upya mikanda mara mbili kwa mafundi wawili. Nililigeuza bizimu tu. Nilimtoza pesa ya soda, na mpaka leo najiuliza kama nilikosea bei.

Mkanda ukiwa umepita sawa na bado unateleza, pitisha ukucha kwenye yale meno. Yakiwa laini kama jiwe la mtoni, yamesagika, badilisha. Pima upana kwanza: mikanda mingi ya mabega ni milimita 25, ya kiunoni 38 au 50, na ya kubania juu 20. Mkanda wa 20 ndani ya bizimu la 25 unakaa upande, na upande mmoja wa meno haufanyi kazi.

Lakini kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya Ulaya haviliandiki, nalo ni mawese. Umebeba dumu, limevuja tone mbili, umelishika begi. Mkanda ukiingia mafuta unakuwa kama samaki mgebuka mkononi. Usianze na sindano. Anza na sabuni ya kipande, maji ya vuguvugu na mswaki mkuukuu, sugua mkanda na meno ya bizimu, suuza, anika kivulini. Kivulini, nasema. Jua linaila nailoni polepole. Mkanda uliokuwa mweusi ukaanza kuwa kahawia na kuchakaa manyoya, usiuamini na kitu kizito.

Na mkiwa njiani, hakuna fundi, mvua inanyesha? Chukua mkia wa mkanda, uzungushe chini ya bizimu kwenye mkanda wenye mzigo, fanya fundo la kitanzi, lile linalofunguka ukivuta ncha. Bizimu likiteleza linakutana na fundo, linasimama. Babu zetu walifika mbali bila meno ya plastiki. Hapa Ujiji tuliposimama ndipo njia ya misafara ilipoishia, kutoka pwani kupita Tabora mpaka ziwani. Mpagazi, na wengi walikuwa Wanyamwezi, alibeba karibu kilo 30 begani au kichwani juu ya kata, yaani ngata. Mzigo wenyewe uliitwa mtumba. Ulifungwa kwa kamba, na kamba ya gome la mti wa miyombo ilikuwa inapatikana njia nzima. Fundo halina meno ya kusagika.

Na neno hilo mtumba limerudi kwetu kwa mlango mwingine, maana mabegi yetu mengi ni ya mitumba. Mzungu hakuliuza begi lake kwa sababu analipenda. Mara nyingi kitambaa ni kizima kabisa, ila mikanda imechoka. Ukinunua sokoni, acha kuangalia zipu kwanza. Ingiza mkono, vuta kila mkanda kwa nguvu pale uliposhonewa, sikiliza. Ukisikia "trr", huo ni uzi unaokatika. Punguza bei au liache.

Mkanda wenyewe, sasa. Iko aina tatu mtakazokutana nazo, na kuna njia rahisi ya kutenga moja. Kata kipande kidogo, kikamue ndani ya maji kitoke hewa, kiachie. Kikielea ni polipropilini: nyepesi, bei ndogo, inateleza, na inayeyuka kwa joto dogo kuliko wenzake. Kikizama ni nailoni au poliesta. Nailoni ina nguvu na inanyumbuka, lakini inakunywa maji na ikilowa inavutika kidogo. Ndiyo maana kipindi cha masika begi lililokazwa vizuri Kibirizi linakuwa limelegea ukishuka Gombe, bila chochote kuharibika. Likaze tena, basi. Poliesta hainywi maji hivyo na inavumilia jua zaidi.

Poliesta nzuri mnayo bure au kwa bei ya kutupa: mkanda wa kiti cha gari. Nendeni kwa wauza vyuma chakavu. Una upana wa karibu sentimita tano na ni imara sana. Lakini msikosee kama nilivyokosea mimi nilipoanza, nikauweka kwenye bizimu la kukazia. Unene wake ni mdogo na ni laini, unateleza kama nyoka. Utumie pale unaposhonwa moja kwa moja, kama kiraka cha nyuma ya bega, au kitanzi cha kubebea.

Na muuepushe mkanda wa nailoni na maji ya betri. Kwenye maboti yetu betri ya sola inalala chini, begi linawekwa juu yake. Tindikali hiyo inaila nailoni na huoni kitu, mkanda uko vilevile kwa macho, mpaka siku ya mzigo unakatika kama karatasi.

Mshono. Hapa nitakuwa mchoyo wa maneno, kwa sababu mkono ndio unaofundisha na saa inakwenda. Usitumie uzi wa pamba, unaoza. Tumia uzi wa poliesta au uzi wa kushonea nyavu, ule wa kusokotwa. Mshipi wa ndoana hapana. Ni mgumu, unakata mkanda kama kisu. Uzi wako upake nta. Nta ya Tabora, ile ya kwenye mizinga ya nyuki, haina mpinzani: uzi unapita laini, unashika ndani ya tundu, na maji hayaingii haraka. Shona kwa sindano mbili, uzi mmoja, kila tundu lipitwe kutoka pande zote mbili. Shono moja likikatika, la jirani linabaki. Laza mkanda juu ya mkanda sentimita tano au sita, shona mstatili, kisha mkato wa msalaba katikati. Usiongeze mistari mingi ya kukatiza upana ukidhani unaimarisha. Kila tundu la shazia, ile sindano kubwa, ni uzi wa mkanda umekatwa, na ukitoboa mstari mmoja kwa karibu karibu umetengeneza stempu: itachanika hapo hapo.

Ncha ya mkanda iunguze kwa mshumaa isifumuke, halafu ikunje mara mbili na uishone, isipite tena kwenye bizimu ikachomoka. Na ule mkia mrefu unaopigapiga mguuni, kata pete ya tyubu ya baiskeli, uviringishe humo. Kazi imekwisha, na hujanilipa kitu.

Haya, nimeona mkono kule nyuma. Sema, kijana.

(Swali: Fundi, na jaketi la kujiokolea la boti? Mkanda wake umekatika, unaweza kuushona?)

Naweza. Sitaushona. Begi likikatika, mchele unamwagika. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na mimi siwezi kupima mshono wangu mpaka mtu awe majini. Jaketi lenye mkanda uliokatika liondoe botini kabisa, maana likibaki kuna siku abiria atalivaa. Vilevile mikanda ya kupandia miti mirefu au miamba: hiyo ikichakaa ni ya kukata vipande, ili asije mwingine akaiokota.

Mwingine? Wewe dada mwenye begi la bluu, unasema lako linashuka upande wa kulia. Njoo nalo hapa mbele, usilikaze kwanza. Nani ana chaki?