Bonyeza T: kupima swichi ya RCD nyumbani kwako

Haya, tuko mbele ya boksi la umeme kupima RCD, yaani swichi inayokata umeme unapovuja. Skrubu hatufungui na waya hatugusi, leo ni vitufe tu. Mikono iwe mikavu, miguuni viatu, tochi karibu maana taa zitazimika. Kama kuna kompyuta inafanya kazi, izime kwanza. Kama kuna mgonjwa anayetegemea mashine ya umeme, ahirisha kabisa mpaka mashine iwe na umeme wa akiba.

Tazama safu ya swichi. Hizi nyembamba zilizoandikwa 10, 16, 20 ni sakiti breka. Sasa tafuta yenye kitufe cha T na maandishi 30 mA (miliampia 30) au 0.03 A. Hiyo ndiyo RCD. Kwenye boksi nyingine kila breka ina T yake. Pima moja moja. Hujaona T popote? Simamisha video hapa hapa. Huna cha kupima, una sababu ya kumwita fundi.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nina breka, inatosha." Haitoshi! Breka ya ampia 20 imewekwa kulinda waya usiungue. Umeme unaoweza kumuua mtu haufiki hata nusu ampia, na breka hiyo itakaa kimya tu. RCD ina hesabu yake: inalinganisha umeme unaotoka kwa waya wa laivu na unaorudi kwa waya wa nyutro. Ukirudi pungufu, umepata njia ya pembeni, labda bodi ya chuma ya jokofu, labda mwili wako. Upungufu ukifika miliampia 30, inakata, kufumba na kufumbua.

Hakikisha umeme upo, maana bila umeme kitufe hakifanyi kitu. Bonyeza T mara moja. Tak! Kidude kimeshuka. Jaribu taa na soketi uone kama kweli zimekufa, kisha kipandishe. Rudia kila mwezi, isipokuwa mtengenezaji ameandika muda mwingine.

Umebonyeza na kumekuwa kimya? Usiendelee kubonyeza ukiomba dua. Fundi aje, na mara nyingi atakachofanya ni kuibadilisha.

Na ile inayojishusha yenyewe kila mara? Chomoa kila kifaa. Nasema chomoa, si kuzima ukutani, kwa sababu swichi nyingi za soketi hukata laivu peke yake, na hitilafu ya upande wa nyutro inabaki pale pale. Pandisha RCD, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kitakachoishusha umekikamata, birika la umeme na pasi ni watuhumiwa wangu wa kwanza. Ikikataa kupanda na vyote viko nje, huenda hitilafu iko kwenye waya za ukutani au hita iliyofungwa moja kwa moja, na hapo mkono wako unaishia. Tafadhali usimruhusu mtu "airuke" RCD, yaani aunganishe umeme bila kuipitia, ili taa ziwake.

Kuna jambo T haiwezi kukuambia. Inatengeneza hitilafu ndogo ndani ya swichi yenyewe, kwa hiyo itakata vizuri kabisa hata kama waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatika. Ethi hupimwa na fundi mwenye mita. Tena mtoto akishika laivu kwa mkono huu na nyutro kwa ule, RCD inaweza kuona hesabu imelingana na isikate. Vifuniko vya soketi msiviondoe.