Alamu isiyozimwa: wimbo wa clipping. kwa sikio la mwalimu wa kwaya

Haya jamani, mko salama? Hapa Minneapolis ni saa mbili usiku, nje theluji imejaa mpaka kwenye ngazi, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kazini. Bado nimevaa yunifomu, msinicheke. Leo sina habari za viza wala bei za magari. Wanaosubiri ile video ya makaratasi ya uhamiaji, itakuja, subirini kidogo. Leo tunakaa na wimbo mmoja.

Wiki iliyopita nilimtumia mdogo wangu huko Moshi wimbo kwa WhatsApp. Hazikupita dakika mbili akanirudishia sauti: "Braza, zima alamu kwanza, halafu urekodi upya." Nilicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kinanda. Mimi sikurekodi kitu. Hiyo alamu ndiyo biti yenyewe.

Wimbo unaitwa "Get Up", yaani amka, inuka. Wenyewe ni kundi la Los Angeles linaloitwa clipping., kwa herufi ndogo na nukta mwishoni, ndivyo wanavyoandika jina lao. Umo kwenye albamu ya CLPPNG ya mwaka 2014, iliyotolewa na lebo ya Sub Pop. Wako watatu. Anayechana ni Daveed Diggs, yule aliyecheza kwenye mchezo wa Hamilton kule Broadway akapata tuzo ya Tony mwaka 2016. Wanaotengeneza sauti ni wawili, Jonathan Snipes, ambaye pia anatunga muziki wa filamu, na William Hutson, ambaye ametokea kwenye muziki wa kelele. Ndiyo, kuna muziki wa kelele, una wapenzi wake na wanalipa kiingilio. Kiitikio cha huu wimbo ameimba dada anaitwa Mariel Jacoda.

Sasa biti. Ukifungua wimbo unakutana na ile alamu ya saa ya mezani, ile ya bei rahisi: pip-pip-pip-pip. Unadhani itakuwa mbwembwe za kuanzia, itapotea, ngoma zije. Haipotei. Mistari inaingia nayo ipo, kiitikio kinaingia nayo ipo, inakwenda hivyohivyo kama vile mwenye saa ameondoka na kufunga mlango kwa nje.

Mtu wa kawaida akisikia hivi atasema hawa vijana wanatutania. Mimi nimefundisha kwaya miaka tisa kabla sijaja huku, na nikasikia kitu kingine kabisa. Ngoja nivute kinanda.

Wanakwaya wenzangu, toeni yale madaftari ya solfa. Nabonyeza mi. Siiachii, na wala haibadiliki, hii ndiyo alamu yetu. Sauti ya alamu ya kwenye wimbo si lazima iwe mi, naitumia tu ili tuelewane. Sikilizeni sasa. Chini yake naweka do. Mmesikia? Mi imetulia, ina furaha, ni kama Jumapili ya Pasaka. Natoa do, naweka la. Mi ni ileile, kidole changu hakijasogea, lakini sasa imevaa kaniki, inatoka msibani. Natoa la, naweka fa. Hapo mi imekuwa kama mtu aliyekanyaga ukingo wa ngazi: inataka kushuka na haishuki. Mnaona kidole? Kipo palepale tangu tulipoanza.

Basi hiyo ndiyo kazi ya mtunzi kwenye huu wimbo. Amechukua sauti isiyo na hisia yoyote, sauti ya mtambo, akaifunga palepale, halafu anachokibadilisha ni ardhi iliyo chini yake. Kwenye mistari, alamu inakukera. Diggs anachana kwa kasi na wewe unavumilia. Kisha yule dada anaingia na kiitikio, sauti laini, ya kuvutwa, na ghafla ile pip-pip inasikika kama vile iliandikwa iwe sauti ya kwanza ya kwaya. Mara ya kwanza nilirudisha nyuma nikidhani wameibadilisha. Nikarudisha tena. Kama kuna kilichobadilika kwenye alamu yenyewe, masikio yangu hayajakikamata.

Huu ujanja si mpya, na ndiyo maana nawaheshimu hawa jamaa, wanajua walikotoka. Chopin, mtunzi wa zamani wa piano, ana kipande kimoja, ni Prelude ya 15 katika Opus 28, kilichapishwa mwaka 1839, watu wamekibatiza jina la matone ya mvua. Kuna noti moja ndani yake inagongwa, inagongwa, inagongwa. Mwanzoni inaitwa la-flati, yaani la iliyoshushwa nusu hatua, na muziki ni mtamu, mvua ya kulalia. Katikati anga linafunga, muziki unakuwa mzito wa kutisha, na ile noti sasa kwenye karatasi inaandikwa sol-sharpu, yaani so iliyopandishwa nusu hatua. Lakini kwenye piano ni kitufe kilekile cheusi! Amebadilisha jina kwenye karatasi na jirani zake, kitufe hakijui lolote. Kati ya yule bwana na saa ya mezani ya Los Angeles ni miaka 175, na mbinu ni ileile.

Na kutumia sauti za vitu badala ya ala, hilo nalo lina babu yake. Pierre Schaeffer, Paris, mwaka 1948, alitunga kipande kizima kwa sauti za treni. Na hawa clipping. wanafunga albamu yao na toleo la Williams Mix, kazi ya John Cage ya mwaka 1952 iliyotengenezwa kwa kukatakata kanda za sauti na kuziunga upya. Hiyo siwashauri muisikilize mkiwa na wageni.

Nirudi kwenye alamu, kwa sababu kuna kitu cha kiufundi hapa ambacho maprodyuza wetu watakipenda. Sikio la binadamu ni kali zaidi kwenye eneo la hertzi, yaani mitikisiko kwa sekunde, 2,000 mpaka 5,000 hivi. Konsonanti nazo, zile s, ch, t na k zinazofanya maneno yaeleweke, nyingi zinaishi mitaa hiyohiyo. Sasa wewe una mchanaji anayetema silabi kama mahindi kwenye sufuria ya moto, na una alamu imekaa kwenye sikio la msikilizaji, chumba kimoja. Nani anampisha nani? Faida yao ni kwamba pip ya alamu ni kama swichi ya taa. Inawaka, inazima, haina mkia. Ngoma ina mkia, gitaa lina mkia, kengele ya kanisani ndiyo usiseme. Pip haina, kwa hiyo kati ya pip na pip kuna nafasi safi kabisa, na maneno yanapita. Halafu kwa kuwa iko sawasawa kama mshono wa cherehani, imeshakuwa saa ya wimbo mzima. Ukiwa na alamu huhitaji tena matoazi ya kushika mwendo.

Diggs naye ana kifungo chake. Kundi hili lina kanuni: mchanaji hasemi "mimi". Hip hop nzima imejengwa juu ya mimi, mimi nilitoka wapi, mimi nina nini, mimi na wewe nani zaidi, nao wameifuta. Jaribuni kwa Kiswahili muone shida yake. Kwa Kiingereza unakwepa maneno machache tu, lakini kwetu "mimi" amejificha ndani ya kitenzi. Chana mistari kumi na sita bila ni-, bila si-, bila ile -ni- ya katikati, bila -angu. Nilijaribu kwenye basi, mstari wa tatu nikashikwa: "wameniacha". Anayeweza aje, nitampigia biti bure.

Wana wimbo mwingine kwenye albamu hiyohiyo, "Story 2", ambao kadiri hadithi inavyosonga mapigo ndani ya kipimo yanaongezeka, tatu, nne, tano, na kuendelea. Huo nauwekea video yake, maana lazima nipige makofi na hapa jirani wa chini ameshagonga dari mara mbili.

Sasa niwaambie ni kwa nini wimbo huu umenikamata mimi hasa. Kazi yangu mnaijua, nalea wazee. Kazini kwetu kuna mikeka ya kengele, inatandikwa chini ya shuka. Mzee akitaka kuinuka usiku peke yake, mkeka unapiga, unakimbia kumwahi asianguke. Ni pip ileile, ya bei rahisi, ya hasira. Kwa zamu moja naweza kuisikia mara thelathini. Nikilala naisikia. Nikiwa kanisani padre akinyamaza kidogo, naisikia.

Basi siku moja alfajiri mkeka wa bibi mmoja ukapiga. Nikaenda, nikamrudisha kitandani, nikamfunika. Alamu nilikuwa sijaizima. Chumbani kwake kuna mashine ya oksijeni, inanguruma kwa chini, nzito, na ile pip juu yake ikasikika ya huzuni, mpaka nikasimama. Hazikupita dakika tano mkeka wa chumba cha pili nao ukaita. Mkeka wa kampuni moja, sauti moja. Lakini chumba kile hakina mashine ya oksijeni, kina friji dogo tu pembeni linaimba wimbo wake. Na pip ileile ikawa kama inauliza swali. Nikabaki mlangoni nimeinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza kipanga. Msimamizi wangu akapita akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Nitamwelezaje?

Usiku huo nikaanza kuchunguza mafriji. Msinicheke bado, subirini.

Umeme wa Marekani unatikisika mara 60 kwa sekunde. Wa Tanzania mara 50. Ule mngurumo wa transfoma na mafriji kwa kawaida unatoka mara mbili ya hapo: huku hertzi 120, kwetu hertzi 100. Chukua 120 gawa kwa 100, unapata sita kwa tano. Na sita kwa tano, enyi watu wa solfa, ndiyo uwiano wa mitikisiko ukitoka mi kwenda so! Umbali huo wanamuziki wanauita theluthi ndogo, na hii ni kamili, safi, bila kutiwa chumvi. Nikampigia mama. Simu yake huwa anaiweka juu ya friji kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika. Nikamwambia, mama usiongee kwanza, iache hapohapo. Akasema, "Umeanza tena." Lakini aliiacha. Spika ya simu haiwezi kuimba chini kiasi hicho, ilichonipa ni kivuli cha sauti tu, ila sikio likishajua linachotafuta linajazia lenyewe. Friji la mama Moshi likashika mi. La kwangu hapa nyuma yangu, hili lenye sumaku za pizza, likashika so. Nimekaa jikoni usiku wa manane na nyumba mbili zinaimba sauti mbili.

Tatizo ni do. Hakuna anayeiimba.

Kwa hiyo natunga. Ni kipande cha kwaya ya sauti nne, dakika nne au tano, na alamu inapiga mwanzo hadi mwisho, nimewaibia hawa clipping. waziwazi. Chini nimeweka mafriji mawili, mi na so. Soprano na alto nimeshawaandikia. Tena nimewapa maneno machache tu, maana alamu itayala. Tena nimewabana kwenye kanuni ya Diggs, hakuna ni- hata moja. Nilipokwama ni kwenye besi. Nikiwapa wanaume do, yale mafriji mawili yanakuwa sherehe, yanakuwa harusi ya Kilimanjaro. Nikiwapa la, mafriji ni yaleyale lakini nyumba ina msiba. Jumamosi nilikuwa na do. Jana nimefuta, nimeweka la. Leo kwenye basi nimefuta tena, na karatasi imetoboka.

Kabla sijaamua nahitaji msaada wenu. Nirekodieni friji lenu. Sekunde kumi, usiku, redio ikiwa imezimwa, na simu iwe karibu na sehemu ya nyuma kule chini kwenye mota. Rekodini kwa simu yenyewe halafu mtume faili, msinipigie. Wa Mombasa, Bujumbura, Kampala na Muscat, umeme wenu ni wa 50 kama Moshi, mtaingia upande wa mama. Ninyi wa Saudia mko 60 pamoja na sisi wa huku. Jenereta msinitumie, linapandisha na kushusha, litaniharibia kwaya. Na wewe mdogo wangu, najua unaangalia: usimwambie mama alizime ili kuokoa luku mpaka nimalize.