Ushindi Uliokuja na Njaa: Blu-ray na Mdororo wa Uchumi wa 2008

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Tarehe 19 Februari 2008 kampuni ya Toshiba ya Japani ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza na kuuza deki za HD DVD, mojawapo ya mifumo miwili ya diski za filamu zenye picha kali kuliko DVD; mwingine ni Blu-ray. Kwa tangazo hilo vita vya karibu miaka miwili kati ya HD DVD na Blu-ray vilikwisha, na kambi ya Sony, Panasonic na Philips ikabaki peke yake uwanjani. Wiki sita kabla ya hapo, tarehe 4 Januari, studio ya Warner Bros. ilikuwa imeamua kuhamia upande wa Blu-ray pekee. Mwezi Februari zikafuata Netflix, kampuni ya kukodisha filamu, na maduka makubwa ya Best Buy na hatimaye Walmart, na bila rafu za Walmart hakuna deki inayoweza kuitwa bidhaa ya kila nyumba nchini Marekani. Ilitarajiwa kwamba wanunuzi waliokuwa wakingoja mshindi ajulikane ndipo wafungue pochi wangemiminika madukani. Hawakumiminika. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanza kudorora tangu Desemba 2007, ingawa kamati ya wanauchumi yenye kazi ya kupanga tarehe hizo ilitamka hivyo rasmi tarehe 1 Desemba 2008, mwaka mzima baadaye. Blu-ray ilivikwa taji ndani ya nyumba ambayo moto ulikwisha kuingia darini.

Nimeombwa nizungumzie jinsi mdororo wa uchumi unavyoathiri mapokezi ya mifumo mipya ya video ya nyumbani. Jibu la haraka, kwamba watu wakikosa fedha hawanunui vitu vipya, lina ukweli kidogo tu, na historia hulikataa mara mbili kabla ya kulikubali mara moja. Wakati wa dhiki familia huacha kuangalia bei ya deki peke yake na kuanza kuhesabu jambo jingine: kila tunapoketi sebuleni kutazama filamu, tunalipa kiasi gani? Mfumo unaoshusha gharama ya kutazama hupenya hata katika njaa. Mfumo unaoipandisha, kwa ahadi ya picha nzuri zaidi, huambiwa ungoje. Na madhara ya kungoja huko ndiyo nitakayoyaeleza kwa kirefu.

Nianze na mwaka 1981. Mwezi Machi mwaka huo kampuni ya RCA ilizindua mfumo wake wa santuri za video, ulioitwa CED, baada ya utafiti wa miaka mingi. Ilikuwa santuri yenye mifuo, inayosomwa kwa sindano, na deki yake iliuzwa chini kidogo ya dola 500, bei iliyokuwa ndogo kuliko ya deki za kanda za VHS na Betamax za wakati huo. Miezi minne baadaye, Julai 1981, Marekani iliingia katika mdororo uliodumu hadi Novemba 1982, na kabla ya mwaka huo kwisha wasio na ajira walikuwa wamepita asilimia 10 ya nguvu kazi. Kwa hesabu ya kawaida, deki ya bei nafuu ndiyo ingeshinda katika hali kama hiyo. Kilichotokea ni kinyume chake kabisa: deki za kanda, zilizokuwa ghali zaidi, ziliendelea kuingia majumbani mwaka hadi mwaka, na mwezi Aprili 1984 RCA ilisalimu amri ikiwa imepata hasara ya dola zipatazo milioni 580.

Sababu yake inaonekana mara tu tunapouliza swali langu la gharama ya kutazama. Santuri ya RCA haikuweza kunasa chochote. Mwenye deki hiyo alilazimika kununua kila filamu aliyotaka kuiona, hata ile ambayo angeitazama mara moja na kuisahau. Mwenye deki ya kanda alinasa kipindi cha televisheni usiku, akakitazama kesho yake, kisha akanasa kingine juu yake katika kanda ileile. Zaidi ya hapo, palikuwa na duka la kukodisha. Mwaka 1977 George Atkinson alifungua duka lake mjini Los Angeles na kuanza kukodisha kanda kwa dola 10 kwa siku, na kwa kuwa sheria ya Marekani ilimruhusu mtu aliyenunua nakala halali kuikodisha bila kumwomba mwenye filamu, maduka ya aina hiyo yakaenea na ushindani ukashusha bei hadi dola chache. Kanda moja ya filamu iliweza kuuzwa kwa karibu dola 80, bei ambayo familia ya mfanyakazi aliyepunguzwa kazini isingeithubutu, lakini mwenye duka aliinunua mara moja na kuigawa bei hiyo kwa mamia ya watazamaji. Deki ilikuwa ghali, ila kila jioni iliyopita iliifanya iwe rahisi zaidi.

Wale wa umri wangu mnaitambua hesabu hii bila kufundishwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa wengi wetu wa Bara video ilitangulia televisheni, tena ilitufikia katika miaka ya 1980 ambapo sukari na sabuni zilipangiwa foleni. Hakuna aliyesema deki ni rahisi. Mtu mmoja mwenye ndugu ughaibuni aliipata, akaweka mabenchi, akatoza kiingilio, na watoto wa mtaa mzima tukawa watazamaji wa deki ambayo baba zetu wasingeweza kuinunua hata kwa mishahara ya miaka miwili. Dhiki haikuufukuza mfumo ule. Iliupangia namna ya kutumika.

Mdororo wa mwaka 2001, uliodumu kuanzia Machi hadi Novemba, naupitia kwa haraka kwa sababu unasema jambo lilelile. DVD, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1997, ilipita katikati yake bila hata kuchechemea. Studio zilikuwa zimekubali kuuza diski kwa takribani dola 20 au pungufu, deki zilikuwa zikishuka bei kila msimu, na mtu hakulazimika kubadili televisheni yake ili aone tofauti na kanda: diski haikurudishwa nyuma, haikuchakaa kwa kutazamwa, na ilimpeleka mtazamaji kwenye tukio alilolitaka kwa kubonyeza kitufe.

Kwa uaminifu inanibidi niseme pia kwamba gharama ndogo ya kutazama peke yake haitoshi. Mwaka 1998, wakati uchumi wa Marekani uliponawiri, wauzaji wa Circuit City, maduka ya vifaa vya elektroniki, waliingiza sokoni mfumo ulioitwa DIVX: diski ya bei ndogo iliyotazamwa kwa saa 48 tu, kisha deki ikadai malipo mengine kupitia waya wa simu. Ilikufa Juni 1999. Watu hawakupenda kuwa na kitu ndani ya nyumba kinachoomba ruhusa kwa mwenye duka.

Sasa turudi mwaka 2008 na tumtazame mnunuzi wa Blu-ray kwa makini. Deki ya kwanza ya Samsung, iliyoingia sokoni Marekani Juni 2006, iliuzwa kwa dola 1,000. PlayStation 3, mashine ya michezo ya Sony iliyokuwa na uwezo wa kusoma Blu-ray na ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyoubeba mfumo huo mgongoni, ilianza Novemba 2006 kwa dola 499 na 599. Lakini deki ilikuwa pete moja tu katika mnyororo. Ili picha ile yenye mistari 1080 ionekane ilivyokusudiwa, ilihitajika televisheni bapa yenye uwezo huo, pengine na spika za kuizunguka sebule, halafu diski zenyewe, ambazo ziliuzwa ghali kuliko DVD za filamu zilezile. Sehemu ya manunuzi ya namna hiyo nchini Marekani ilifanywa kwa kadi za mkopo na kwa mikopo iliyodhaminiwa na thamani ya nyumba. Bei za nyumba zilikuwa zimeanza kuporomoka kabla ya benki ya Lehman Brothers kuanguka tarehe 15 Septemba 2008, na kwa kuporomoka huko kisima kilichomwagilia sebule nyingi kikakauka.

Kuna pigo jingine ambalo wachambuzi hulitaja kwa nadra, nami naliona kuwa zito. Ubora wa Blu-ray hauelezeki kwa maneno. Ni lazima jicho liuone, na lione picha mbili zikiwa zimewekwa kando kwa kando. Mahali pa kuuona palikuwa dukani, mbele ya ukuta wa televisheni, pamoja na muuzaji mwenye subira. Tarehe 10 Novemba 2008 Circuit City iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake kama mufilisi, Januari 2009 ikatangaza kufilisi maduka yake yote 567 yaliyokuwa yamebaki Marekani, na Machi yakafungwa. Mfumo uliohitaji kuonekana ulipoteza mamia ya kuta za kuonyeshea takribani mwaka mmoja tu baada ya kushinda vita vyake.

Tena Blu-ray ilikuwa na mshindani ndani ya tumbo lake mwenyewe. Deki zake zilisoma DVD za zamani na kuziongezea ukali wa picha zilipoonyeshwa kwenye televisheni mpya. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwani hakuna familia ambayo ingekubali kutupa maktaba yake, lakini lilimpa mnunuzi mwenye wasiwasi wa kazi sababu nzuri ya kuahirisha: DVD zangu zinaonekana vizuri vya kutosha. Maneno hayo, vizuri vya kutosha, ndiyo sauti halisi ya mdororo. Hayamaanishi kwamba watu waliacha filamu. Mwaka 2009, wakati wasio na ajira nchini Marekani walipofikia asilimia 10, majumba ya sinema ya Marekani na Kanada yalipita mapato ya dola bilioni 10 kwa mara ya kwanza. Watu bado walitaka kutazama. Walichokataa ni kulipa zaidi kwa kila filamu ya kuhifadhi kabatini.

Mahali walipokwenda panajulikana. Walikwenda kwenye masanduku mekundu ya Redbox, yaliyosimama karibu na milango ya maduka ya vyakula na kukodisha DVD kwa dola moja kwa usiku, biashara iliyoziudhi studio hata Redbox na studio ya Universal zikafikishana mahakamani mwezi Oktoba 2008. Diski za Blu-ray hazikuenea katika masanduku hayo hadi mwaka 2010. Walikwenda pia Netflix, waliotuma diski kwa posta kwa ada ya mwezi, na ambao kuanzia Novemba 2008 walimtoza dola moja zaidi kwa mwezi mteja aliyetaka Blu-ray. Dola moja ni kitu kidogo, lakini angalieni inafundisha nini: kila palipokuwa na njia rahisi, Blu-ray ilikuja baadaye au kwa nyongeza.

Watengenezaji walijibu kwa silaha waliyokuwa nayo, yaani kushusha bei, na walishusha kwa kasi ambayo katika miaka ya neema isingeonekana. Katika msimu wa sikukuu wa 2008 zilipatikana deki za chini ya dola 200, na Agosti 2009 Sony ilishusha PlayStation 3 hadi dola 299. Sony yenyewe ilikuwa ikivuja damu: Desemba 2008 ilitangaza kupunguza nafasi 8,000 za kazi katika kitengo cha elektroniki, na mwaka wake wa fedha uliokwisha Machi 2009 ulifungwa kwa hasara, ya kwanza katika miaka 14. Hivyo basi mtu anayesema kwamba mdororo ulizuia deki za Blu-ray kuingia majumbani anakosea, maana kwa upande wa mashine mdororo uliharakisha kushuka kwa bei. Kilichodhoofika ni ununuzi wa diski, na studio ziliupenda mfumo huu kwa ajili ya diski.

Nilisema nitaeleza madhara ya kungoja. Hata kama VHS ingeambiwa isubiri, hapakuwa na kitu nyuma yake kinachokimbia, DVD vilevile. Blu-ray iliambiwa isubiri wakati Netflix ilikuwa tayari imeanza, Januari 2007, kuonyesha filamu kupitia intaneti bila diski yoyote. Mwanzoni huduma hiyo ilitazamwa kwenye kompyuta, picha yake ilikuwa hafifu, na orodha ya filamu ilikuwa fupi. Kwa jicho la fundi haikustahili kutajwa pamoja na diski yenye nafasi ya gigabaiti 50. Ila ilikuja bila malipo ya ziada, ndani ya ada ambayo mteja alikwisha kuilipa. Kwa kila filamu ya nyongeza alilipa sifuri.

Na njia iliyopitia hadi sebuleni ni jambo ambalo bado hunifanya nitabasamu. Katika majira ya mapukutiko ya 2008 LG iliingiza sokoni deki ya BD300, deki ya Blu-ray yenye waya wa intaneti, iliyoweza kuonyesha filamu za Netflix moja kwa moja kwenye televisheni. Wauzaji walihitaji kumpa mnunuzi mwenye mashaka sababu ya pili ya kununua, na hiyo ndiyo waliyoipata. Muda si mrefu kampuni nyingine zikafanya vivyo hivyo, na PlayStation 3 nayo ikaanza kuonyesha Netflix kabla ya mwaka 2009 kwisha. Familia ilinunua mashine kwa bei iliyoshushwa na dhiki, ikaileta nyumbani pamoja na diski mbili tatu, kisha jioni moja mtoto akabonyeza kitufe cha pili, kile cha Netflix.