Hesabu ya Shule Isomwe Kijijini Kabla ya Kusomwa Dodoma

Ndugu wananchi, walimu, wajumbe wa kamati za shule na viongozi mliofika,

Elimu na uwajibikaji ni mada pana. Leo nashika sehemu moja tu: fedha ya shule ya msingi ya umma, tangu inapoingia kwenye akaunti ya shule hadi inapogeuka chaki, karatasi za mtihani au bati.

Tumezoea kumsubiri CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kazi yake ni kubwa, na Ibara ya 143 ya Katiba imempa nguvu ya kuifanya. Lakini tazameni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na ripoti hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi inayofuata. Fedha iliyopotea Julai 2023 ni ya ripoti ya Machi 2025. Hiyo ni miezi 20. Mtoto aliyekuwa darasa la saba wakati inapotea, kama aliendelea na masomo, siku ya ripoti yuko kidato cha pili. Hoja ya ukaguzi haimrudishii vitabu alivyokosa.

Wala tusitulizwe na neno "hati safi". Hiyo ni hati inayoridhisha ya mkaguzi, nayo husema kwamba hesabu zimeandaliwa sawasawa katika mambo ya msingi. Haisemi kwamba ukuta hauna nyufa.

Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza uwe wetu, na uanzie kwenye ruzuku ya uendeshaji. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kiwango kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na 6,000 kati ya hizo zilipangwa kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 basi ilitarajia 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Mzazi yeyote anaweza kupiga hesabu hiyo. Kinachomkwamisha ni kutojua idadi ya wanafunzi iliyotumika kukokotoa. Januari watoto wapya wanaandikishwa, wengine wanahama, na takwimu zisiporekebishwa fedha inakuja kwa idadi ya zamani. Ndiyo maana ubao wa matangazo wa shule uwe na safu nne: idadi iliyopelekwa halmashauri, fedha iliyotarajiwa, iliyopokelewa, iliyotumika. Wengi hubandika mbili za mwisho tu, na hapo upungufu hauonekani kamwe.

Kwenye ujenzi hatari ni kubwa zaidi, nami naomba tukae hapo kidogo. Kwa utaratibu wa fosi akaunti shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi gharama ya kazi. Inaokoa fedha nyingi, naiunga mkono kwa dhati. Ila inahamishia kwa mwalimu mkuu mzigo wa mkandarasi. Kinga yake ni kutenganisha mikono: anayeagiza asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayeidhinisha malipo. Kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi zipo kwa sababu hiyo, na zinakufa pale mtu mmoja anapozungusha karatasi ili wajumbe wasaini mzigo wasiouona.

Mjumbe wa mapokezi ahesabu mifuko gari likiwa bado pale, ndipo asaini. Leja ya stoo ijazwe siku hiyohiyo. Kama iliingia mifuko 120 na imetoka 85, fungueni stoo mhesabu 35. Leja iliyoandikwa yote kwa siku moja, kwa kalamu moja, bila marekebisho hata mahali pamoja, ichunguzwe. Na msingi ukaguliwe kabla ya zege kumwagwa, kwa sababu nondo zikishafunikwa hakuna atakayejua zilikuwa ngapi. Mhandisi wa halmashauri asaini hatua hiyo, ndipo fundi alipwe.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni wa kila miezi mitatu, na wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mapato na matumizi husomwa mwishoni, jua limekuwa kali na watu wanaondoka. Ajenda hiyo iwe ya kwanza baada ya muhtasari uliopita, na karatasi ibandikwe siku saba kabla ili watu waje na maswali.

Mkinyimwa taarifa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 30. Andikeni kwa usahihi. Ukiomba "taarifa za fedha za shule" utapewa maelezo ya jumla. Omba taarifa ya benki ya akaunti ya shule ya kuanzia 1 Julai hadi 30 Septemba, pamoja na hati za malipo na risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) za kipindi hicho. Bakini na nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa, kwani bila hiyo siku 30 hazina pa kuanzia.

Robo ya kwanza ya mwaka wa fedha inaisha 30 Septemba. Mkutano wa Oktoba ndio wa kuanzia, na barua ya kuomba ajenda imfikie afisa mtendaji wa kijiji mapema Septemba, ikiwa na saini za wazazi kutoka vitongoji vyote vinavyosomesha watoto katika shule hiyo.