Silikoni Si Gasketi: Maneno kwa Mafundi Vijana wa Malindi

Haya tulieni huko nyuma, na wewe zima hiyo redio. Wengine washanisikia na haya mpaka wakiniona wanapita njia nyingine, sawa, leo mtanisikia tena. Silikoni, ile gundi ya tyubu ya kuzibia, haikai kwenye manifodi ya egzosti, lile bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini. Na gari ikiwa ya tabo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, ndo kabisaa.

Kuna haisi ya dizeli ililetwa hapa, ya abiria, hupiga Malindi Mombasa kutwa. Dereva analia, ikijaa watu ukikanyaga haiamki, moshi mweusi tele, na asubuhi ukiiwasha inapiga tik tik tik mpaka ipate moto ndo inyamaze. Ashaambiwa kwengine ati tabo imekufa, anunue nyingine. Wajua bei ya tabo wewe? Nikavua lile bati la kukinga joto, nikaona masizi yamejichora kwenye hedi, kichwa cha injini, pale tundu la silinda ya nne, kila mtu na macho yake anayaona. Kufungua, gasketi ya chuma, ile ya kuziba kati ya manifodi na hedi, ni mpya, ila fundi kaipaka silikoni pande zote mbili kama siagi kwenye mkate, na yote imekuwa mkaa, ukiigusa yabomoka unga.

Najua kuna mtu ashaanza kuinua mkono, lakini fundi, tyubu imeandikwa ya joto kali. Imeandikwa, sasa soma na nambari yake, nyingi ni digrii 300 na kitu. Moshi wa petroli yenye tabo ukikanyaga sana wafika 800, 900. Dizeli iko chini ya hapo, lakini hiyo tyubu yako bado yaachwa mbali. Ikishaungua pabaki nafasi, nati zimelegea bila kuguswa na mtu, moshi watokea pembeni, na tabo yazungushwa na huo huo moshi, sasa ukivujia njiani izungushwe na nini, dua? Na kipande kikibanduka chaenda kugonga panga za tabo zinazozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika.

Mwengine atasema manifodi imepinda, silikoni yajaza pengo. Ala! Imepinda si inyooshwe! Weka rula ya chuma, pitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia pengo, ikizidi kipimo cha kitabu cha hiyo injini peleka ikaskimiwe, yaani ikwanguliwe na mashine iwe sawa. Haisi ile ilikuwa imepinda upande wa nyuma, ikaskimiwa, ikawekwa gasketi kavu na stadi mpya, zile skrubu za kushikia manifodi, maana za zamani zilikuwa zishaliwa na chumvi ya bahari, mwazijua za hapa kwetu, wagusa na spana imebaki nusu mkononi. Tabo ni ile ile na gari iko barabarani. Na usiniambie mteja hana pesa, kuskimu na tabo ipi ghali?

Inteki, manifodi ya kuingiza hewa, nilitaka kuieleza vizuri lakini muda umekwisha, kwa ufupi tu, pale moto si mwingi ila kuna presha, kwa hivyo uvujaji mwengine hauuoni gari ikiwa sailensa, yaani injini yawaka bila kukanyagwa, lazima upachike hewa ya kompresa, kidogo jamani, upake maji ya sabuni utafute povu. Na alumini usiikwangue na disiki ya grainda, ule unga waingia kwenye oili na kumaliza beringi. Kukaza anzia katikati kwenda nje, kwa awamu, toki renchi, spana ya kupima nguvu ya kukaza, si pambo la ukutani. Stadi zilizokatika tutazisema siku nyengine.

Nani ana fila geji? Leteni hiyo manifodi ya Subaru iliyo kwenye gunia tuipime.